Nina laki tisa: laptopu mpya, iliyotumika, au kompyuta ya mezani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida. Tumevunja kikoba, nina shilingi 900,000 na nataka kununua kompyuta. Nitaitumia kuchapa mitihani na maandalio ya masomo, kujumlisha alama, na kuingia ESS na PEPMIS, ile mifumo ya mtandaoni ya watumishi wa umma. Binti yangu anaanza diploma ya uhasibu Arusha mwezi wa kumi, na yeye anaihitaji. Nyumbani umeme unakatika mara kwa mara. Nimepewa bei nne. Laptopu mpya ya kwenye boksi, Celeron N4020, RAM 4GB, diski 64GB, shilingi 720,000. HP EliteBook 840 G5 iliyotumika, Core i5, RAM 8GB, SSD 256GB, shilingi 680,000. Seti ya kompyuta ya mezani, Core i5 kizazi cha 4, RAM 4GB, diski ya kawaida ya 500GB, pamoja na kioo chake, shilingi 400,000. Na Chromebook iliyotumika, shilingi 280,000. Mume wangu anasema kununua mtumba ni kununua matatizo. Kijana wa dukani anasema nitafute Core i7 tu, nyingine zote ni kupoteza hela. Mwenzangu shuleni anasema kishikwambi nilichogawiwa kinatosha. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, umefanya vizuri kuandika sifa za kila mashine pamoja na bei yake. Wengi huuliza "HP au Dell, ipi nzuri?" na swali hilo halijibiki. Nikikusoma vizuri, una hofu mbili: hela ya kikoba isije ikaishia kwenye chombo kitakachochoka kabla ya mwaka, na binti asifike Arusha akakuta alichobeba hakifai darasani. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kati ya hizo nne chukua EliteBook, lakini uikague kwanza kwa namna nitakayokueleza, na ukubali tangu sasa kwamba ni ya binti.

Hilo la mwisho naona hakuna aliyekuambia. Kuanzia mwezi wa kumi mtakuwa watu wawili katika mikoa miwili. Ukinunua ya mezani, itabaki Singida, na binti ataomba ya wenzake kila kazi ya kukusanya inapotolewa. Ukinunua laptopu ukaiacha nyumbani, ni yale yale. Mwanafunzi wa uhasibu anashinda ndani ya Excel, na mbele ya safari atakutana na programu za hesabu kama Tally au QuickBooks. Kazi hizo zinataka Windows, zinataka kibodi halisi, na mara nyingi zinafanyika usiku bwenini ambako hawezi kutembea na kioo cha mezani. Wewe una kishikwambi cha kukusogeza kwa muda. Yeye hana kitu. Kwa hiyo hitaji lake ndilo linaloamua aina ya mashine.

Sasa tuwachukue washauri wako mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja ana chembe ya ukweli.

Mumeo ana haki ya kuogopa mtumba. Lakini mitumba ya kompyuta haifanani. Kuna laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumbani, za bei rahisi, plastiki nyembamba, na kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni: EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell. Hizi za makampuni hununuliwa nje kwa maelfu, wafanyakazi huzitumia miaka mitatu au minne, kisha kampuni hubadilisha zote kwa mpigo hata kama bado nzima. Hizo ndizo zinazoshuka bandarini kwetu. Bawaba zake ni imara, kava la chini linafunguka kwa skrubu, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, betri, kibodi na vioo vyake vinapatikana kwa mafundi. EliteBook 840 G5 ilitoka mwaka 2018 na ndani ina nafasi mbili za RAM, maana yake leo unaweza kuanza na 8GB na siku nyingine ukaongeza bila kubadilisha mashine.

Ile mpya ya kwenye boksi ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, ingawa ndiyo inayopendeza machoni. Hapa inabidi nieleze kwa nini kompyuta huwa nzito, maana ukilielewa hili hutadanganyika tena dukani.

Kila programu iliyo wazi na kila waraka unaouandika hukaa kwenye RAM. Vilivyohifadhiwa hukaa kwenye diski. RAM ni meza yako ya ofisi ya walimu, diski ni kabati la nyuma. Meza ikiwa ndogo, kila unapotaka daftari la pili lazima lile la kwanza lirudi kabatini, na muda wako unaisha kwa kwenda na kurudi. Windows yenyewe pamoja na vijiprogramu vyake vya nyuma humeza sehemu kubwa ya 4GB kabla hujafungua chochote. Ukifungua kivinjari chenye kurasa nne na Excel moja, nafasi imekwisha, na kompyuta inaanza kuhamisha vitu kati ya RAM na diski. Hapo ndipo unapobonyeza kitu ukasubiri, ukabonyeza tena, na ghafla vinafunguka vyote viwili.

Inapofika hapo, kasi ya diski ndiyo inayoamua kama utaumia kidogo au sana. Diski ya kawaida, kama ile ya seti ya mezani, ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na kichwa kinachohama kutafuta mahali taarifa ilipo. Kila utafutaji huchukua takriban milisekunde 10. SSD haina kinachozunguka. Huipata taarifa hiyohiyo ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ni tofauti ya mara mia hivi, na kompyuta inapowaka hufanya utafutaji kama huo maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ikitolewa diski ya kawaida na kuwekwa SSD huonekana imezaliwa upya, na ndiyo maana mimi naliona hili kuwa jambo la kwanza kuuliza dukani, kabla ya jina la kampuni na kabla ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Turudi kwenye boksi. Microsoft inasema kiwango cha chini kabisa cha Windows 11 ni RAM 4GB na diski 64GB. Soma tena sifa za mashine uliyoonyeshwa: ndizo hizo hizo. Yaani siku ya kwanza inapotoka dukani iko kwenye mpaka wa chini unaoruhusiwa. Katika laptopu za daraja hili, ile 64GB kwa kawaida ni eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye bodi, ambayo huwezi kuitoa ukaweka kubwa, na mara nyingi RAM nayo imechomelewa. Windows ikishajitandika inabaki nafasi ndogo, na masasisho makubwa yanahitaji nafasi ya kujifungulia. Baada ya miezi kadhaa binti ataanza kufuta picha na masomo yake ili kompyuta ijisasishe. Celeron N4020, prosesa yake, ina kori mbili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Warranti ya mwaka mmoja ni kitu kizuri, siibezi, lakini warranti hurekebisha kilichoharibika. Mashine iliyozaliwa dhaifu haihesabiki kuwa imeharibika.

Kijana wa Core i7 amechanganya jina na umri. Majina i3, i5 na i7 hulinganisha prosesa za kizazi kimoja. Ukivuka kizazi, ulinganisho unavunjika. Prosesa ya Core i7-4600U, ya kizazi cha 4, ina kori mbili. Core i5-8250U, ya kizazi cha 8, ina kori nne. Kibandiko cha i7 kinang'aa zaidi, lakini i5 ndiyo itakayofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Kukijua kizazi ni rahisi: tazama tarakimu zinazofuata alama ya kistari. Zikianza na 2 hadi 9, ya kwanza ndiyo kizazi, kwa hiyo 6300U ni cha 6, na 8250U ni cha 8. Zikianza na 1, soma mbili za kwanza: 10210U ni cha 10, na 1135G7 ni cha 11. Namba hiyo uisome ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye ukurasa wa "About" ndani ya "Settings", kwa sababu kibandiko mtu yeyote anaweza kukibandika.

Kizazi cha 8 nakisisitiza kwa sababu moja mahususi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache za cha 7. Seti yako ya mezani ni ya kizazi cha 4. Fundi atakuambia "usijali mwalimu, nitakuwekea Windows 11", na ni kweli inawezekana kuilazimisha, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine ya namna hiyo. Kwenu walimu hili lina uzito wake. Flashi moja hutembea kutoka kompyuta ya shule kwenda steshenari, kwa mwalimu wa taaluma, hadi kwako, ikiwa na mitihani ya darasa la nne na virusi vinavyoficha mafolda. Kompyuta isiyopata masasisho ya usalama ndiyo inayopokea wageni hao kwa urahisi zaidi.

Je, kompyuta ya mezani haifai kabisa? Inafaa, na kwa mtu asiyehama mara nyingi ndiyo ninayoipendekeza. Kwa hela ileile hukupa nguvu zaidi, kioo kikubwa kisichoumiza macho na shingo, na kibodi ikimwagikiwa chai unanunua nyingine bila kugusa mashine. Tatizo lake kwako ni umeme. Umeme ukikatika ghafla, kila ulichoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho kinapotea, na diski ikikatizwa katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili nzima. Ukirudi kwa kishindo, kinachoumia kwanza ni pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme. Kwa hiyo bei ya kweli ya ile seti ni 400,000, jumlisha UPS (betri ya akiba ya nje), jumlisha SSD na RAM, na bado unabaki na kizazi cha 4. Kuna na matumizi ya LUKU. Mezani pamoja na kioo chake, tuseme wati 80 kwa saa tano kila siku, ni uniti 12 kwa mwezi. Laptopu ya wati 20 kwa saa hizo hizo ni uniti 3. Kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo unaisikia. Laptopu inabeba UPS yake tumboni: umeme ukikatika, betri inapokea na wewe unaendelea na swali la tano.

Chromebook, laptopu inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows, ni mashine nzuri iliyozushiwa mengi. Haihitaji nguvu nyingi, inawaka upesi, na kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye kivinjari inatosha. Lakini haiendeshi Tally wala QuickBooks ya Windows, inategemea bando karibu wakati wote, na kila modeli ina tarehe ambayo Google huacha kuisasisha. Google sasa hutoa masasisho kwa miaka 10, ila miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, haihesabiwi tangu siku uliyoinunua. Chromebook ya mtumba ya 280,000 huenda imebakiza muda mfupi sana au imeshapitwa. Kwa binti wa uhasibu, hapana.

Mwenzako wa kishikwambi namuunga mkono nusu. Kwa ESS na PEPMIS kinakutosha, hata simu inakutosha. Kuchapa mtihani wenye maswali ya kuandika tu, ukiwa na kibodi ndogo ya Bluetooth, inawezekana bila kuteseka sana. Penye michoro ya Sayansi, sehemu za Hesabu, na jedwali la alama za wanafunzi sabini, vidole vitachoka na mpangilio utavurugika. Kumbuka pia ni kifaa cha kazi ulichokabidhiwa, kwa hiyo mambo ya familia yasihamie humo.

Kwa hela yako basi: EliteBook 680,000, zinabaki 220,000. Zisiishe siku hiyo hiyo. Nunua kibodi ya Bluetooth ya kishikwambi chako, begi lenye sponji kwa ajili ya laptopu, na flashi au diski ya nje ya kutunzia nakala. Kinachobaki kiweke akiba kwa ajili ya betri, kwa sababu kwenye mtumba betri ndiyo inayochoka kwanza. Kabla ya mwezi wa kumi mtaitumia wote wawili nyumbani, na hapo binti atajifunza Excel akiwa na wewe karibu. Kikoba kijacho kikivunjwa, tafuta kompyuta ndogo ya mezani, zile za ukubwa wa kitabu kama OptiPlex Micro, EliteDesk Mini au ThinkCentre Tiny, kizazi cha 8 kuendelea. Zinatumia chaja ya nje kama laptopu, zinakula umeme kidogo, na UPS ndogo inazihimili vizuri. Hiyo itakuwa yako. Zile ambazo mashine imejengwa ndani ya kioo ziruke. Kioo kikifa, umepoteza vyote.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba usione haya mbele ya muuzaji. Kama duka liko Dar es Salaam, usitume hela yote ukasubiri mzigo stendi. Mtafute ndugu au kijana unayemwamini aende akae nayo nusu saa.

Aiwashe mwenyewe ikiwa imezimwa kabisa, bila chaja. Afungue ukurasa wa "About" athibitishe kuwa prosesa ni ya kizazi cha 8 na RAM ni 8GB. Kisha afungue Command Prompt, aandike powercfg /batteryreport na kubonyeza Enter; Windows itatengeneza ripoti na kuonyesha ilipoihifadhi. Humo kuna namba mbili, "design capacity" na "full charge capacity". Ya kwanza ni betri ilipokuwa mpya, ya pili ni leo. Betri ya 840 G5 ikiwa mpya ni kama Wh 50 (kwenye ripoti ni kama mWh 50,000). Ikibaki Wh 35 bado inakupa saa tatu hivi za kuandika. Ikiwa chini ya nusu, mwambie muuzaji apunguze bei ya betri au aibadilishe. Diski ipimwe kwa programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Isipoandika "Good", muuzaji abadilishe SSD. Ajaribu kila herufi ya kibodi, kila tundu la USB, kamera, spika na Wi-Fi, na afungue ukurasa mweupe kioo kizima aone kama kuna madoa.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau nalo ndilo linaloliza watu baadaye: kufuli. Laptopu za makampuni wakati mwingine huuzwa bila kufunguliwa. Inafanya kazi vizuri kwa miezi, siku Windows ikiwekwa upya na kuunganishwa intaneti, inatokea jina la kampuni ya nje inayodai barua pepe ya mfanyakazi. Nyingine ina nywila ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows. Kwa hiyo akiwa dukani aizime, aiwashe akibonyeza F10, aingie kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, aiache hapo hapo. Akiwa humo aangalie namba ya utambulisho ya mashine (serial number) kama inalingana na iliyoandikwa chini ya kava. Zikitofautiana huenda bodi ilibadilishwa, au ni mali ya mtu. Na amwombe muuzaji aiweke Windows upya mbele yake ikiwa na intaneti, au aandike kwenye risiti kwamba ataipokea ikigundulika imefungwa. Risiti iwe ya EFD, yenye modeli na namba hiyo ya utambulisho, na muda wa dhamana uandikwe.

Usikubali Office "iliyokrakiwa", yaani iliyofunguliwa bila kulipiwa, kama zawadi. Vifungulio hivyo ni mlango maarufu wa virusi, na mara nyingi muuzaji huzima kinga ya Windows ili viingie. LibreOffice ni ya bure, WPS ina toleo la bure, na Word na Excel za kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Binti aulize chuoni kama wanatoa Office kwa barua pepe ya mwanafunzi. Vyuo vilivyojiunga hutoa.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na lazima umwone fundi ana kwa ana. Ukiona sehemu ya kugusia kipanya imeinuka, au kava la chini limetuna na mashine haikai sawa mezani, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na usiichaji tena hata kwa dakika moja mpaka fundi aitoe. Ukihisi umeme unakuchonyota unapogusa kava la chuma wakati inachaji, mwite fundi umeme apime waya wa ardhini (earth) wa nyumba, kwa sababu kosa linaweza kuwa kwenye soketi na litamwumiza mtu hata kwenye jokofu. Na siku faili za mitihani zikipotea, acha kutumia mashine hiyo papo hapo. Kila unachohifadhi baada ya hapo kinaweza kuandikwa juu ya ulichokuwa unakitafuta. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa, umwambie faili zilikuwa folda gani na ulizihifadhi lini mara ya mwisho.